Sarafu za Mtambwe na haki iliyomo ndani ya hazina

Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, Ijumaa hii tumependelea kuzungumza juu ya jambo ambalo pengine baadhi ya wasomaji wataliona dogo, nalo ni sarafu kongwe. Hapa Pemba wapo watu wenye mapenzi nazo. Hukutana barazani baada ya Alasiri, kila mmoja akitoa kitambaani alichokipata karibuni: huyu reale ya fedha yenye sura ya malkia na tarehe ya 1780, yule senti ya mwaka 1908 ya zama za Sayyid Ali bin Hamud. Hupokezana, hupindua, husoma maandishi kwa kioo cha kukuzia, na hapana ubaya wowote katika hayo. Furaha ya mtu aliyeipata pesa ya shaba ya Sayyid Barghash bin Said, ya mwaka 1299 Hijria (1882), haikosi sababu. Upande mmoja una jina la mtawala, na upande wa pili umechorwa mizani. Mfanyabiashara aliyeishika kila siku alikuwa akishika kiganjani mwake ukumbusho wa Sura ya Al-Mutaffifin, alitambua au hakutambua.

Lakini kisiwa hiki kina sarafu zilizo kongwe zaidi kuliko hizo kwa miaka mia nane. Mwaka 1984, katika magofu ya Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya hori la Wete, ilipatikana hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu, zikiwemo za Makhalifa wa Kifatimi. Kwa kuzitazama hizo dinari, wataalamu wamekadiria kwamba hazina ilifukiwa katika nusu ya pili ya karne ya 11 Miladia. Sarafu za fedha ni ndogo mno, nyembamba, hata mtu asiyezijua angezidhania magamba ya samaki. Nyingi kati yake zina majina ya watawala wa mwambao wetu, miongoni mwao Ali bin al-Hasan, jina ambalo linajulikana pia katika sarafu za shaba za Kilwa.

Linalotushangaza sisi zaidi ni maandishi yake. Upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kueleza kuwa anamtegemea Mwenyezi Mungu, na pande mbili hizo zimepangwa kwa vina. Watu waliojipa taabu ya kutia vina katika kipande cha fedha kisichozidi ukucha hawakuwa washamba wa lugha ya Kiarabu. Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 1229, ameutaja mji wa Mtambwe katika kamusi yake ya miji, pamoja na mji wa pili wa kisiwa hikihiki ambao wataalamu huuhusisha na Mkumbuu, na akaeleza kuwa sultani wa Mtambwe alijinasibisha na Kufa. Basi mwenye kusema kwamba Uislamu wa Pemba ulikuja jana na majahazi ya karafuu, na ajibiwe kwa sarafu hizi.

Sasa tuje kwenye lililotusukuma kuandika. Sarafu kongwe zina soko, na penye soko hapakosi mwenye kuchimba usiku. Mtu hupita pwani baada ya mvua kubwa, akaona kinachong'aa, akakitia mfukoni, na anapoulizwa hujibu: "Nimeokota, ni riziki yangu." Je, ni kweli ni riziki yake?

Wanavyuoni wetu wamelitenga jambo hili kwa uangalifu. Iko mali iitwayo rikazi, nayo ni hazina iliyofukiwa na watu wa zama za Jahiliya. Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Abu Huraira (r.a.) na kupokewa na Bukhari na Muslim, amefundisha kuwa humo hutolewa khumusi, yaani sehemu moja katika tano. Wengi wetu tumeisikia hadithi hii, na wengi hukomea hapo, wakadhani kila kilichochimbwa ni rikazi: ukitoa khumusi, zilizobaki ni zako. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya walio wengi hapa, hazina inayopatikana huangaliwa alama yake. Ikiwa ina alama ya Kiislamu, kama jina la mtawala Mwislamu au utajo wa Allah, hiyo si rikazi. Mwenyewe akijulikana, hurejeshewa. Asipojulikana, hukumu yake ni ya luqata, mali iliyookotwa, ambayo hutangazwa mwaka mzima. Na wapo katika madhehebu hayohayo waliosema kuwa mali iliyofukiwa kwa makusudi haikuanguka hata iitwe luqata, bali ni mali iliyopotewa na mwenyewe, na mwenye mamlaka ndiye huihifadhi kwa niaba ya Waislamu.

Sarafu ya Mtambwe imejaa alama za Kiislamu pande zote mbili. Kwa kauli zote hizo, basi, aliyeifukua na kuiuza usiku huohuo kwa mgeni hana pa kushika. Tena sheria ya nchi inayalinda magofu na vilivyomo, na kuitii sheria isiyoamrisha maasi ni katika wajibu wetu. Aliyekiona kitu asikichokoe, akiache mahali pake, ampelekee habari sheha. Sarafu iliyong'olewa bila ya kuandikwa ilikolala haisemi tena ni ya nani na ya lini.

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa utoaji wake, na akasimulia kuwa khumusi ya ngawira ilitengwa katika hazina ya peke yake, ikatolewa kwa wanaostahiki. Sarafu ya sultani huyo imeonekana hata Zimbabwe Kuu, mbali kabisa na bahari.

Kwa wakusanyaji wenye mali ya halali, tuna maneno mawili. Kwanza, kubadilishana dhahabu kwa dhahabu, au fedha kwa fedha, ni lazima kuwe sawa kwa uzani na mkono kwa mkono, hata kama moja ni adimu na nyingine ni ya kawaida. Asemaye "nikupe dinari mbili mpya kwa hii moja ya kale" ameingia katika riba. Anayetaka thamani ya uadimu na auze kwa shilingi, kisha anunue.

Pili ni zaka. Nisabu ya fedha ni dirhamu 200, sawa na gramu 595 kwa hesabu inayotumika sana. Reale moja ya 1780 ina fedha safi ipatayo gramu 23.4, kwa hivyo mwenye reale 26 kabatini, zikapitiwa na mwaka, amekwishaingia, ingawa yeye huziita pambo la chumba. Pesa za shaba za Barghash hazina zaka, ila kwa aliyeziweka kwa biashara.

Wallahu aalam.