Unene wa bamba wabadilika, mchoro wabaki na takwimu za zamani

KARAKANA inayotengeneza mashine za kupukuchua mahindi inaweza kupata hasara hata kama mafundi wake wote ni hodari. Inatosha mchoraji abadili unene wa bamba la chuma kwenye kompyuta kutoka milimita 2 hadi 3, kisha asahau kusahihisha maelezo aliyoyaandika pembeni mwa mchoro. Fundi atasoma 2 na atakata 2.

Tofauti hiyo si ndogo. Bamba la mita 2.44 kwa 1.22 lenye unene wa milimita 2 lina uzito wa kilo 47 hivi; la milimita 3 linafika kilo 70.

Dawa ya tatizo hili imo ndani ya programu zenyewe za kuchorea. Katika SolidWorks, iliyoanza kuuzwa mwaka 1995 na kununuliwa na Dassault Systèmes ya Ufaransa mwaka 1997, kila faili la kipande lina orodha ya sifa zake: jina, namba, malighafi, unene na uzito. Badala ya kuandika upya sifa hizo kwenye mchoro, mchoraji huweka kiungo. Akiandika $PRPSHEET:"Unene", mchoro huchukua thamani kutoka faili la kipande kinachoonyeshwa.

Wanaoanza huchanganya hapa. Kiungo cha $PRP pekee husoma sifa za faili la mchoro, si za kipande. Jina la sifa nalo lifanane pande zote mbili, la sivyo thamani haitapatikana. Na iwapo karatasi moja ina vipande viwili tofauti, $PRPSHEET husoma kimoja tu. Kwa kingine hutumika $PRPVIEW, maelezo yakiwa yameambatishwa kwenye picha ya kipande hicho.

Hata hivyo, kiungo hakiwezi kusahihisha sifa iliyojazwa kwa mkono. Ndiyo maana unene nao unapaswa kuunganishwa na kipimo chenyewe cha umbo, ili kimoja kikibadilika, kingine kifuate.

Uzito unahitaji uangalifu zaidi. Programu huukokotoa kwa ujazo na malighafi iliyochaguliwa. Malighafi isipochaguliwa, kwa kawaida hutumia kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, sawa na maji, wakati chuma ni takriban 7,850. Bamba la kilo 70 litaandikwa kilo 9, na makadirio ya bei na usafiri yataharibika.

Kwa karakana yenye michoro mingi, njia rahisi ni kuweka viungo hivi mara moja kwenye kiolezo. Kila mchoro mpya utajijaza wenyewe.

Linabaki jambo moja ambalo kompyuta haiwezi kulifanya: kuibandua ukutani karatasi ya zamani. Mchoro ukibadilika, uchapishwe upya wenye tarehe, na ule wa awali uondolewe kabla fundi hajashika msumeno.