Je, Mkristo aweza kuwa mliberali? Marekani bado yavutana

SENETA Dick Durbin wa Jimbo la Illinois, Marekani, alikuwa apokee tuzo ya heshima kutoka kwa Kanisa lake Novemba 2025. Tuzo hiyo, iliyoandaliwa na Jimbo Kuu Katoliki la Chicago chini ya Kardinali Blase Cupich, ilikusudiwa kutambua kazi yake ya miaka mingi ya kuwatetea wahamiaji. Hakuipokea. Septemba 30 mwaka huo, baada ya maaskofu kadhaa kuipinga hadharani, Durbin alijitoa mwenyewe.

Upinzani huo haukuhusu wahamiaji. Durbin, Mkatoliki na mwanasiasa wa chama cha Democratic, amekuwa akipiga kura za kulinda haki ya kisheria ya kutoa mimba, na tangu mwaka 2004 amekuwa haruhusiwi kupokea Komunyo katika Jimbo Katoliki la Springfield, ambako ndiko nyumbani kwake. Mtu yuleyule, mwenye imani ileile, alionekana kustahili tuzo mjini Chicago na kutostahili Ekaristi mjini Springfield, miji ambayo gari huchukua saa chache tu kutoka mmoja hadi mwingine.

Kisa hicho kimelirudisha mezani swali lililowagawa Wakristo wa Marekani kwa zaidi ya nusu karne: je, mtu aweza kuwa Mkristo mwaminifu na papo hapo kuwa mliberali katika siasa?

Neno lenyewe lina utata. Kwa Wamarekani wa leo, mliberali ni yule anayetaka serikali iwe na mkono katika kuwasaidia maskini, wagonjwa na wafanyakazi, anayetetea haki za Weusi, wanawake na wahamiaji, na anayeamini kwamba mambo ya maisha binafsi, ikiwamo mimba na ndoa, yaachiwe dhamiri ya mtu badala ya kuamuliwa na dola. Ni mkusanyiko wa mambo mengi, na si yote yenye asili moja. Ndiyo maana jibu la mkato, liwe ndiyo au hapana, huwa halifiki mbali.

Zamani jibu la Roma lilikuwa hapana. Mwaka 1864 Papa Pius wa Tisa alitoa orodha ya kauli 80 alizozihesabu kuwa potofu, na ya mwisho kabisa ilihusu wazo kwamba Papa anapaswa kupatana na uliberali. Lakini waliberali aliowalenga hawakuwa watu wa aina ya Durbin. Walikuwa wanasiasa wa Ulaya waliokuwa wakifunga nyumba za watawa na, huko Italia, kuinyang'anya himaya yake ardhi kipande baada ya kipande. Hukumu ilitolewa katikati ya vita, na ina harufu ya vita.

Karne moja baadaye sura ilikuwa nyingine. Mwaka 1891 Papa Leo wa 13, ingawa aliukataa ujamaa, alitetea katika waraka wake ujira wa haki na haki ya wafanyakazi kuungana. Padri mmoja wa Marekani, John Ryan, aliyafanya mafundisho hayo kuwa hoja ya kudai kima cha mshahara kinachomtosha mtu na familia yake. Alikuja kuwa mtetezi mkubwa wa sera za Rais Franklin Roosevelt, na mwaka 1937 alisali katika hafla ya kumwapisha rais huyo. Kisha, Desemba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulitangaza kwamba kila mtu ana haki ya uhuru wa dini. Mmoja wa waliotoa mchango katika tamko hilo alikuwa Mjesuiti wa Kimarekani, John Courtney Murray, ambaye miaka kumi tu kabla wakuu wake walikuwa wamemtaka aache kuandika juu ya suala hilohilo. Jambo la msingi kabisa katika uliberali, kwamba dola isimlazimishe mtu katika imani, lilikuwa limeingia ndani ya mafundisho ya Kanisa.

Kwa Waprotestanti historia ina mizunguko yake. Mchungaji Martin Luther King, kiongozi wa harakati za haki za Weusi, alikuwa Mbaptisti, na harakati zile ziliendeshwa kutoka makanisani. Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba mwaka 1971 mkutano mkuu wa Wabaptisti wa Kusini, kanisa ambalo leo ni ngome ya wahafidhina, uliwahimiza waumini kuunga mkono sheria ya kuruhusu mimba kutolewa katika mazingira fulani, kama vile ubakaji au hatari kwa afya ya mama. Mwaka 1976 mwalimu wa Shule ya Jumapili wa kanisa hilohilo, Jimmy Carter, alichaguliwa kuwa rais kwa tiketi ya Democratic. Miaka mitatu baadaye mhubiri Jerry Falwell aliasisi jumuiya ya Moral Majority, na mwaka 1980 walokole wengi walimwacha Carter wakamfuata Ronald Reagan, mcheza sinema wa zamani aliyewahi kutaliki. Biblia haikuwa imebadilika katika miaka hiyo tisa. Kilichobadilika ni jambo lililowekwa juu ya mengine yote.

Kwa Wakatoliki jambo hilo lilikuwa juu tangu mwanzo. Mahakama ya Juu ya Marekani iliporuhusu utoaji mimba nchi nzima Januari 1973, maaskofu walipinga mara moja, na wanasiasa Wakatoliki wa Democratic wakajikuta katikati. Mtetezi wao hodari zaidi alikuwa Gavana wa New York, Mario Cuomo. Katika hotuba yake ya Septemba 1984 kwenye Chuo Kikuu cha Notre Dame, alieleza kwamba yeye na mkewe waliyakubali mafundisho ya Kanisa, ila kiongozi wa umma hawezi kugeuza kila fundisho kuwa sheria kwa watu wasio wa imani yake, hasa pasipo maafikiano katika jamii.

Hoja hiyo ina uzito, lakini ina ufa. Kanisa halisemi kwamba kutoa mimba ni kosa la kidini linalowahusu Wakatoliki pekee, kama kula nyama Ijumaa Kuu. Linasema ni kuua. Anayeamini hivyo kwa dhati ataona ugumu kusema kwamba anaamini moyoni tu. Mwaka 2004 Kardinali Joseph Ratzinger, aliyekuja kuwa Papa Benedikto wa 16, aliwaandikia maaskofu wa Marekani kwamba si masuala yote ya kimaadili yenye uzito sawa, na kwamba Wakatoliki wanaweza kutofautiana juu ya vita au adhabu ya kifo lakini si juu ya utoaji mimba. Hata hivyo aliacha mlango wazi kwa mpigakura: anayemchagua mwanasiasa wa aina hiyo kwa sababu nyingine nzito, na si kwa msimamo wake juu ya mimba, hahesabiwi moja kwa moja kuwa mshiriki wa kosa.

Wanasiasa wenyewe nao wameufanya utetezi wa Cuomo kuwa mgumu. Joe Biden aliunga mkono kwa miaka mingi katazo la fedha za serikali kuu kutumika kutoa mimba, ambalo lilikuwa mstari uliotenganisha kuvumilia na kugharimia. Juni 2019, akiwania urais, aliuacha msimamo huo. Oktoba mwaka huo padri mmoja wa South Carolina alimnyima Komunyo. Mwaka 1960 John Kennedy alilazimika kwenda Houston kuwahakikishia wachungaji wa Kiprotestanti kwamba hatapokea amri kutoka kwa maaskofu. Sasa Mkatoliki alikuwa akiadhibiwa kwa kutowatii. Biden alipotoka kuonana na Papa Fransisko Oktoba 2021, alisema Papa alimwambia aendelee kupokea. Mwezi uliofuata maaskofu wa Marekani walipitisha waraka juu ya Ekaristi kwa kura 222 dhidi ya 8, bila kumtaja mwanasiasa yeyote kwa jina.

Waliberali nao wana swali lao, na halijapata jibu la kuridhisha. Mwaka 2018 Papa Fransisko alirekebisha Katekisimu na kutangaza kwamba adhabu ya kifo haikubaliki kabisa. Julai 2020 Mwanasheria Mkuu wa Marekani, William Barr, Mkatoliki, alisimamia kurejeshwa kwa adhabu hiyo katika ngazi ya serikali kuu baada ya miaka 17. Septemba mwaka huohuo alipewa tuzo katika mkutano wa maombi wa Wakatoliki. Aliipokea.

Mantiki hii si ngeni kwa Watanzania. Oktoba 1970 Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki aliyeshika sana misa, alizungumza New York mbele ya masista wa Maryknoll na kulitaka Kanisa lisimame waziwazi dhidi ya mifumo inayowaweka watu katika umaskini, la sivyo litaonekana kuwa upande wa dhuluma. Hakuwa mliberali, na Ujamaa wake ni mjadala mwingine, lakini alikataa wazo kwamba kipimo cha imani katika siasa ni jambo moja.

Papa Leo wa 14, mzaliwa wa Chicago, alipoulizwa na waandishi wa habari kuhusu tuzo ya Durbin siku ileile seneta alipojitoa, alishauri kazi yake itazamwe kwa ujumla. Aliongeza kuwa anayepinga utoaji mimba lakini akaunga mkono adhabu ya kifo hawezi kudai kwamba anatetea uhai kwa kweli, na akatilia shaka vivyo hivyo wanaokubali wahamiaji watendewe isivyo kibinadamu. Hakumsafisha Durbin. Alichokifanya ni kupanua orodha ya wanaopaswa kuulizwa.

Novemba 2025, wakikutana Baltimore, maaskofu wa Marekani walitoa ujumbe maalumu wa kupinga kufukuzwa kwa wahamiaji kwa umati na bila kubagua, kwa kura 216 dhidi ya 5. Serikali inayotekeleza sera hiyo ina Wakatoliki wake, akiwamo Makamu wa Rais J.D. Vance, aliyebatizwa mwaka 2019. Ujumbe wa maaskofu haukugusia suala la Komunyo.