Diwani Kuimbwa Jukwaani bila Ala: Suala la Mwenye Sauti katika Sauti ya Dhiki

Makala haya yanafafanua namna diwani ya mashairi inavyoweza kuhawilishwa kuwa tamthilia inayoimbwa mwanzo hadi mwisho bila ala yoyote ya muziki. Diwani iliyoteuliwa kuwa mfano ni Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa Nairobi na Oxford University Press mwaka 1973. Mashairi yake yalitungwa gerezani kati ya 1969 na 1972, baada ya mtunzi kufungwa kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi?, na aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Ushairi uliozaliwa katika chumba kisicho na udi wala ngoma una haki ya kupelekwa jukwaani bila vitu hivyo. Hata hivyo, hoja inayotetewa hapa ni kwamba kuondoa ala ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Uzito umo katika kuamua nani aimbe.

Wepesi huo unatokana na umbo la ushairi wenyewe. Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954), aliuhesabu ushairi kuwa wimbo. Mshororo wa mizani 16, uliogawanyika katika vipande viwili vya mizani 8, humpa mwimbaji mahali pa kuvutia pumzi. Vina vya kati na vya mwisho humwonyesha pa kutua. Mghani wa pwani hahitaji kinanda kimwambie kwamba ubeti umefika mwisho. Kwa hiyo mtayarishaji wa tamthilia hakuti maneno makavu yanayongoja kutiwa muziki.

Hapa ndipo lahaja inapopata umuhimu ambao msomaji wa kimya anaweza kuupuuza. Anwani ya shairi mojawapo, "N'shishiyelo ni Lilo", ina mizani 8 kamili, kwa kuwa ile n' ya mwanzo huhesabiwa mizani yake peke yake. Ikisanifishwa kuwa "hilo ndilo nililoshikilia", inafikia mizani 11, na hakuna mahadhi ya shairi yatakayoibeba bila kulazimishwa. Kishawishi cha kusanifisha kwa ajili ya hadhira isiyokijua Kimvita kinaeleweka, na huenda kikaletwa kwa nia njema kabisa. Lakini katika mchezo usio na ala, mizani ndiyo ngoma. Ni afadhali mtazamaji apitwe na neno moja, alielewe kwa tendo la mwigizaji, kuliko wimbo wote uchechemee.

Tatizo la msuko ni la namna nyingine. Diwani haina kisa kimoja. Tamthilia maarufu ya Cats, iliyofunguliwa London mwaka 1981, ilitokana na kitabu cha T. S. Eliot cha mwaka 1939 chenye mashairi yanayosawiri paka mmoja mmoja. Ili kuyaunganisha, watayarishaji walitoka nje ya kitabu: mhusika Grizabella alipatikana katika kipande ambacho Eliot hakukichapisha, na wimbo "Memory" ulijengwa juu ya mashairi yake mengine. Sauti ya Dhiki haihitaji kuazima hivyo, kwa kuwa kifungo chenyewe ni uzi wa kutosha. Hatari yake ni kinyume cha ile ya Cats: mtayarishaji anaweza kuvutiwa na kisa cha mfungwa hata kila shairi likageuka ukurasa wa wasifu wake. Yamo mashairi ambayo juu juu hayataji gereza kabisa, na hayapaswi kuvishwa sare ya mfungwa.

Mfano mzuri ni "Mnazi: Vuta N'kuvute", majibizano ya wawili wanaogombea mnazi. Majibizano ni mchezo tayari. Mtu aliyezoea ngonjera atauona jukwaa lake bila kuelekezwa. Njia rahisi ni kuwapa waimbaji wawili sehemu zao. Njia inayopendekezwa hapa ni mfungwa aanze kuziimba sehemu zote mbili peke yake, kwa kimo cha juu na cha chini, kisha sehemu moja ichukuliwe taratibu na mwimbaji wa pili anayetoka katika kundi. Hapo mtazamaji anaona kwamba ugomvi wote uliwahi kukaa katika kifua cha mtu mmoja.

Kwaya ndiyo yenye kudai tahadhari kubwa. Tamthilia ya sauti tupu huegemea sauti nyingi zilizopatanishwa, na upatanifu huo una tabia ya kufariji. Katika "Mamba" kundi linafaa: fumbo huishi kwa kujulikana na wengi bila yeyote kulifumbua. "Siwati" haivumilii faraja hiyo. Shairi hilo ni msimamo wa mtu asiyekuwa na wa kumwitikia, na kwaya ikimwitikia itakuwa imemtoa gerezani kabla ya siku yake. Kundi libaki jukwaani, limwangalie, lisiimbe. Ukimya wa watu 12 waliokuwa wakiimba dakika chache kabla utasema zaidi ya jukwaa lililoachwa tupu.

Yabaki mambo mawili ya utendaji. Waimbaji wasio na ala huelekea kushuka kimo kidogo kidogo bila kujijua. Badala ya kuficha filimbi ya kurekebishia nyuma ya pazia, kila shairi lianzishwe na mwimbaji wa peke yake kwa kimo anachokiona kinamfaa, na wengine wamfuate, kama mghani wa utenzi anavyojichagulia kimo chake. La pili ni midundo. Makofi, vishindo vya miguu na pumzi ni mwili wa mwimbaji na vinaruhusiwa. Ndoo ya chumba cha mfungwa inaweza kuwekwa jukwaani, ikabebwa, hata ikaangushwa kwa kishindo. Ikianza kupigwa kwa mapigo yanayofuata wimbo, imekuwa ngoma.