Nyumba ya Mawe Huanza Kufa Tini

Wengi wetu hudhani kwamba nyumba huangushwa na paa linalovuja. Kwa nyumba ya makuti huenda ikawa kweli. Lakini nyumba ya mawe ya mji wa Lamu, hii ya orofa mbili au tatu na kuta nene za kuzuia jua, mara nyingi huanza kufa tini, yaani katika orofa ya chini kabisa, mahali ambapo mwenyewe haingii ila akitafuta ngazi au gunia la zamani. Maji hupanda kutoka ardhini, chumvi ikala ukuta, boriti zikaoza ncha, na wakaao juu wakawa wanakunywa kahawa yao bila habari.

Nayaandika haya kwa sababu mtu na mkewe, katika mtaa mmoja wa mji huo, wameimaliza orofa yao ya tini kwa mikono yao wenyewe. Mume ni mwalimu aliyestaafu karibuni, aliyenitangulia kidogo chuoni zamani tulipokuwa tukiandika kwa wino juu ya ubao. Mkewe ni mshoni wa nguo za maharusi. Wameniomba nisiwataje majina, nami nitawaita Mwalimu na Bibi Mshoni. Katika nchi za Marekani na Canada, ambako nyumba nyingi huchimbiwa orofa chini ya ardhi, si ajabu mume na mke kuvaa nguo za kazi wakaitengeneza wenyewe. Kwetu bado ni jambo la kutazamwa dirishani. Lakini hawa wawili hawakufanya mchezo, kwani walikuwa na lazima.

Lazima yenyewe ni binti yao. Yafaa wasomaji wa bara wajue kwamba katika desturi ya watu wa Lamu, binti aolewapo hupewa nyumba na wazazi wake, na mume ndiye aendaye kwa mke. Tajiri alimjengea bintiye nyumba nzima. Asiye tajiri aliongeza orofa juu ya nyumba yake, au akajenga wikio, chumba kile kinachovuka juu ya kichochoro kikaunganisha nyumba mbili. Mwalimu hakuwa na fedha ya kujenga juu, wala kuta zake hazikuwa na nguvu ya kubeba orofa nyingine. Palibaki njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuiuza nyumba, kama walivyouza wengi, kwa mgeni mwenye fedha, kisha binti akapange chumba mahali pengine. Mnunuzi alikwisha kuja, akapanda ngazi, akapima kwa macho. Njia ya pili ilikuwa wazee washuke tini, binti akae juu.

Hapo ndipo palipokuwa na uzito. Tini ya nyumba ya Lamu ina historia yake, na haifai kuifunika kwa chokaa. Katika nyumba za orofa, waungwana walikaa juu, na tini palikuwa ghala la bidhaa na makao ya watumwa. Utumwa ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1907, lakini fikira haipigwi marufuku kwa siku moja. Mpaka leo wapo wanaoona kukaa tini ni kushuka daraja.

Bibi Mshoni hakuficha. Akamwambia mumewe mbele yangu, "Bwana, mimi nimezaliwa yuu, nimeolewa yuu. Leo uzeeni nishuke nikalale penye magunia?"

Mwalimu akajibu, "Bibi yangu, hata kaburi li tini, na hakuna aliyelikataa."

"Kaburi halitaniuma magoti kwa unyevu," akasema mkewe. "Nitengenezee hapo tini pakauke, nami nitashuka."

Basi sharti likawa hilo. Kabla ya kugusa jiwe, Mwalimu aliwaita wanawe wawili wa kiume, mmoja yuko Mombasa na mwingine yuko Ghuba, akawauliza kama wanaridhia dada yao apewe orofa ya juu. Mtu aliyesoma anaijua Hadithi ya Nu'man bin Bashir juu ya uadilifu baina ya watoto katika kutoa zawadi, na Mwalimu hakutaka nyumba aliyoiokoa na chumvi ije iliwe na ugomvi. Waliridhia wote wawili, na maandishi yakaandikwa mbele ya mashahidi. Kisha akaenda kwa watu wa Makumbusho, kwa kuwa mji wa kale wa Lamu unahifadhiwa, tena tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya UNESCO ya turathi za ulimwengu, na mtu hajibomolei ukuta humo apendavyo.

Kazi ilianza kwa kubomoa. Miaka ya nyuma, unyevu ulipoonekana, fundi mmoja aliajiriwa akaukandika ukuta kwa simiti mpaka kimo cha kiuno. Mwaka wa kwanza ulipendeza. Baadaye maji yakatokea juu ya ile simiti, kimo cha bega, na simiti yenyewe ikaanza kuvimba na kudondoka, kila kipande kikiondoka na nyama ya jiwe. Mwashi mmoja mzee, ambaye mikono yake haishiki tena mwiko lakini ulimi wake bado ni timazi, aliletwa akaketi juu ya kiti akaeleza sababu.

Jiwe la nyumba hizi ni tumbawe, nalo lina matundu madogo madogo. Hunywa maji kutoka ardhini, kisha huyatoa polepole kwa hewa. Chokaa nayo ina matundu, basi huyaachia maji njia. Simiti ni ngumu na huziba. Maji yakikosa pa kutokea mbele hupanda juu zaidi, na ile chumvi iliyomo ndani yake hugandana nyuma ya simiti ikasukuma. Kwa hiyo ile simiti waliyoiona kuwa dawa ndiyo iliyokuwa ikiuongeza ugonjwa.

Mwalimu na mkewe wakashika nyundo na tindo. Walianza kaskazi ilipoingia, wakabandua simiti yote ukutani na sakafuni, asubuhi mume, alasiri mke akimaliza cherehani yake. Kifusi kilitolewa na punda, shogi kwa shogi. Ukuta ulipokuwa uchi waliuacha miezi mitatu ukauke, milango wazi, na muda huo wakauzibua mfereji wa kiwanda, ua ule wa ndani, uliokuwa ukimwaga maji ya kuogea chini ya msingi. Mwashi alisema kwamba mfereji ule peke yake ulikuwa nusu ya maradhi.

Juu nako kulikuwa na kazi. Vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, na sababu yake ni boriti. Mti wa mkoko hubeba dari nzito ya mawe na chokaa kwa upana wa kiasi cha mita mbili u nusu hadi tatu, wala haupendi kuzidishiwa. Boriti mbili zilikuwa zimeoza ncha ndani ya ukuta. Hapa hawakujifanya mafundi. Walimwajiri kijana wa mwashi aegemeze dari kwa miti na kuzibadili, kwani dari haina mzaha.

Nilijifunza zaidi katika chokaa. Tumbawe likichomwa katika tanuu kwa joto la nyuzi 900 hivi za sentigredi, hutoka ndani yake gesi ya kaboni, likabaki chokaa kali. Ukiitia maji huchemka yenyewe bila moto, ikatoa mvuke, na ikikurukia jichoni ni hatari. Bibi Mshoni aliwafukuza watoto wote uani siku ya kuizima. Ikishakuwa laini kama siagi huchanganywa na mchanga, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, nao uwe mchanga usio na chumvi, si wa kuzoa ufukweni. Ukutani, chokaa huivuta tena ile gesi kutoka hewani, siku kwa siku, mpaka irudie asili yake ya jiwe. Ndiyo maana haitaki haraka. Walitomea mashimo kwa vijiwe vidogo, wakapaka tabaka nyembamba, wakafunika kwa magunia yaliyoloweshwa ili isikauke upesi ikapasuka, wakangoja, wakapaka tena.

Ulipobanduliwa ukuta wa nyuma palitokea vidaka vitatu vilivyokuwa vimezibwa. Si zile zidaka za nakshi za vyumba vya juu, ambazo watalii huzipiga picha. Ni vishimo vya kawaida vya kuwekea taa, na ndani ya kimoja masizi bado yapo. Mtu aliyelala hapa aliwasha taa yake hapo, na jina lake halimo katika utenzi wowote. Mwalimu alitaka kuvipaka chokaa vyote viwe vyeupe. Mkewe alikataa. Vidaka viwili vimepakwa, na kile chenye masizi kimeachwa kilivyo. Nilipomwuliza sababu, alijibu, "Yeye ndiye mwenye chumba, mimi nimekuja nyuma."

Ikabaki sakafu. Sakafu ya chokaa haimwagwi ikaachwa, bali hupigwa kwa vipande vya mti mpaka ishikamane, na zamani pwani hii kazi hiyo haikufanywa kimya, ilikuwa na nyimbo na ngoma. Jirani za Bibi Mshoni walikuja na vipande vyao, wakanidai maneno, kwani mtunga mashairi akionekana mahali haachwi akae bure. Nikawapa:

Piga piga taratibu, sakafu isipasuke,
Chokaa yataka tabu, mwenye pupa na atoke.

Waliimba mara tatu, kisha bibi mmoja akaona mstari wangu wa pili hauna utamu, akauvua akavisha wake:

Bwana arusi karibu, tini kwetu usishuke!

Huo ndio ulioimbwa mpaka magharibi, nami nakiri kwamba ulipigisha sakafu vizuri kuliko wangu.

Nimeingia tini hapo baada ya mvua za masika. Ukuta bado hunywa maji kidogo kwa chini, na mwashi anasema utaendelea kunywa, kwa kuwa ndiyo tabia ya jiwe. Lakini haulii tena. Hewa hupita kutoka kiwandani hadi dakani, na kitanda cha Bibi Mshoni kimekwisha kushushwa. Harusi imewekwa Mfungo Mosi. Yule mnunuzi amejibiwa kwa adabu.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba kila mtu anaweza kujijengea. Mwalimu ana nafasi, mkewe ana subira, na mwashi mzee alikuwapo kuwaongoza. Huyu wa mwisho ndiye ninayemhofia. Waashi wanaojua chokaa wanapungua, na kijana anayetafuta kazi hujifunza simiti kwa kuwa ndiyo inayolipa upesi. Mwenye nyumba ya mawe, awe Lamu au katika Mji wa Kale wa Mombasa, kabla ya kununua mfuko wa simiti na amtafute kwanza mzee kama huyo, amketishe kitini, amsikilize. Na mwenye mtoto wa kiume anayependa kazi za mikono, na amtume akamshikie mzee karai. Tangu sakafu ile ikauke, majirani watatu wamekwisha kumwomba Mwalimu awaazime tindo yake, na mmoja wao amemwomba mwashi pia.