Vumbi Halisomi Kitabu cha Gari

Alfajiri katika Barabara ya Naivasha, Kawangware, matatu husogea hatua mbili ikasimama tena. Injini hunguruma saa nzima, ilhali mita ya kilomita haijasonga ila kidogo. Hapo ndipo wenye magari wengi wanapojidanganya.

Kitabu cha gari huagiza chujio la oili libadilishwe pamoja na oili yenyewe, ambayo aghalabu, ikiwa ni ya kawaida, hudumu kilomita 5,000. Chujio la hewa huweza kufika kilomita 20,000. Lakini hiyo ni hesabu ya barabara safi. Vitabu hivyo hivyo huonya kwamba penye vumbi na msongamano muda huo upunguzwe, hata kwa nusu. Kibera na Kawangware zina vyote viwili.

Chujio la hewa ni karatasi iliyokunjwa. Likiziba, injini ya dizeli hukosa pumzi, ikala mafuta zaidi na kutema moshi mweusi. Kulipuliza kwa kompresa, kama wafanyavyo mafundi wengi, huweza kuitoboa karatasi. Mchanga ukapenya na kuikwangua silinda. Chujio la oili nalo likiziba, oili chafu huizunguka injini bila kuchujwa.

Moshi ule huvutwa na nani? Ni mwanafunzi atembeaye kando ya barabara kwenda shuleni. Basi shule zenye mabasi na ziwe za kwanza kutoa mfano: chujio la hewa likaguliwe kila mwezi, na la oili lisipitishwe muda wake. Mdharau mwiba mguu huota tende.