Kamera Ndani ya Kikundi cha Baleti: Kinachoonyeshwa na Kinachoachwa

Vipindi vya uhalisia, yaani vipindi vya televisheni vinavyofuatilia watu halisi katika kazi na maisha yao badala ya waigizaji waliokariri maneno, vilijizolea mashabiki wengi Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2006, Tusker Project Fame ilipoanza kurushwa kutoka Nairobi na Bongo Star Search kutoka Dar es Salaam. Wanyarwanda walipata sababu yao ya pekee ya kukaa mbele ya runinga mwaka 2009, pale Alpha Rwirangira, kijana wa kwao, alipotwaa ushindi wa Tusker Project Fame. Vipindi hivyo vilishindanisha mtu mmoja mmoja. Linalostahili kuulizwa ni nini hutokea kamera za aina hiyo zinapoingia katika kikundi cha dansi, ambako sanaa yenyewe haifanyiki ila kwa wengi. Suala hilo linawagusa wakazi wa Remera, jijini Kigali, kwa kuwa ndiko uliko ukumbi wa BK Arena, uliofunguliwa mwaka 2019 ukiwa na nafasi ya watu wapatao 10,000, na ambamo itorero la Inyamibwa, yaani kikundi cha ngoma za asili, lilicheza onyesho lake la Inkuru ya 30 mwezi Machi 2024.

Baleti ni dansi ya jukwaani iliyochipuka katika makasri ya watawala wa Italia na Ufaransa, kisha ikawekewa kanuni baada ya Mfalme Louis XIV kuanzisha chuo cha dansi mwaka 1661. Kikundi cha baleti cha kulipwa huwa na ngazi: chini wapo wachezaji wa kundi, ambao hucheza wakiwa wengi kwa mwendo mmoja, juu yao wapo wanaopewa vipande vifupi vya kucheza peke yao, na kileleni wapo wachezaji wakuu, wanaobeba wahusika wa hadithi. Mkurugenzi wa sanaa ndiye anayeamua nani acheze nafasi ipi, na kwa kuwa mikataba katika vikundi vingi ni ya msimu mmoja mmoja, riziki ya mchezaji hupimwa upya kila mwaka.

Mashaka hayo ndiyo yaliyokuwa mtaji wa Breaking Pointe, kipindi kilichorushwa na kituo cha CW cha Marekani mwaka 2012 na 2013, ambacho kiliingia ndani ya Ballet West, kikundi cha mji wa Salt Lake City kilichoasisiwa mwaka 1963 na wakati huo kikiongozwa na Adam Sklute. Mtazamaji alionyeshwa wachezaji wakisubiri kujua nani atapandishwa ngazi na nani ataachwa, na humo humo akasimuliwa mapenzi yao, wivu wao na hofu ya mkongwe anayemwona chipukizi akimkaribia. Mwaka 2011 BBC ya Uingereza nayo ilikuwa imeonyesha mwaka mzima wa English National Ballet, na ukali wa mazoezi ya Swan Lake, onyesho lililohitaji kundi la mabata maji 60 wacheze kama mwili mmoja, ulizua mjadala mpana. Lakini sehemu kubwa ya simulizi iliwafuata wawili, Daria Klimentová, aliyekuwa akikaribia miaka 40, na Vadim Muntagirov, kijana wa miaka 20.

Sababu ya uchaguzi huo ni namna vipindi hivi vinavyotengenezwa. Saa nyingi za picha hukatwa katika chumba cha uhariri mpaka zibaki dakika chache, na kinachopona ni kile ambacho mtu asiyejua dansi atakielewa mara moja, yaani machozi, ugomvi na ahadi ya jibu baada ya matangazo. Darasa la kila asubuhi, ambalo hata mchezaji mkuu hulianza kwa kushika mti ulio ukutani na kukunja magoti polepole kama mwanafunzi, hupita kwa sekunde chache. Vivyo hivyo viatu vya kuchezea juu ya ncha za vidole, ambavyo ncha zake hukakamazwa kwa tabaka za kitambaa na gundi: mchezaji mwenyewe huvishonea utepe, huvikunja soli na kuvigongagonga visipige kelele jukwaani, na jozi moja huweza kwisha katika onyesho moja tu. Anayeyajua hayo huitazama dansi kwa jicho jingine, na ndiyo hasa ambayo kamera huyaharakisha.

Rwanda ina cha kusema hapa. Urukerereza, kikundi cha taifa kilichoanzishwa mwaka 1974 na kinachojulikana pia kama baleti ya taifa, kinarithi utaratibu wa itorero, ambapo vijana waliochaguliwa walifundishwa katika baraza la mfalme ngoma, ushairi, adabu na mbinu za vita. Desemba 2024 UNESCO iliiingiza ngoma ya intore, yaani ya vijana hao waliochaguliwa, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mchezaji wa intore huvaa umugara, taji la nyuzi ndefu linalofanana na manyoya ya shingo ya simba, akashika mkuki na ngao, na vifundoni akafunga amayugi, njuga ambazo hazimfichi mtu: mstari ukikanyaga pamoja hutoa sauti moja, na mmoja akichelewa ukumbi mzima humsikia.

Kwa hiyo, siku watayarishaji watakapoingia na kamera katika itorero, kama inavyofaa waingie, wasianze kwa kutafuta nyota na hasimu wake. Waupe mstari wa nyuma muda, waonyeshe hatua moja ikirudiwa mpaka ikubalike, waache ngoma ichezwe hadi mwisho bila kukatwa, na waeleze malipo na majeraha ya wachezaji kama masuala ya kazi yanayodai haki, wala si vichocheo vya majonzi. Watazamaji wanaojaza BK Arena kuangalia ngoma wana subira ya kutosha, na kuwapa machozi mahali pa sanaa ni kuwapunja wao pamoja na wachezaji.