Macho Mekundu kwa Paka: Usikimbilie Dawa ya Binadamu

Paka ni sehemu ya maisha ya Mji wa Kale. Hulala barazani, huzunguka vichochoroni na hungoja matumbo ya samaki karibu na soko. Kwa kuwa hula na kulala pamoja, mmoja akiugua macho wenzake huambukizwa upesi, na makinda ndio huumia zaidi.

Chanzo ni nini?

Mara nyingi ni mafua ya paka, yanayoletwa na virusi vya hepesi au kalisi vya paka. Macho huwa mekundu, kope huvimba na tongotongo hujaa. Paka hupiga chafya na kukataa chakula. Bakteria wa klamidia nao huanza jicho moja, kisha huhamia la pili baada ya siku chache.

Jicho moja likivimba ghafla, huenda paka ameparuzwa katika ugomvi au ameingiwa na mchanga. Mkwaruzo mdogo huweza kuwa kidonda, na kidonda kikiachwa jicho hutoboka.

Kosa la kuepuka

Huenda chupa za dawa zilizonunuliwa wakati wa mlipuko wa macho mekundu mwanzoni mwa 2024 bado zimo makabatini. Usimtie paka dawa hizo. Baadhi zina steroidi, ambayo hupunguza wekundu lakini huzidisha kidonda na kuvipa virusi nafasi. Parasetamoli nayo ni sumu kwa paka. Kidonge kimoja chaweza kumuua.

La kufanya

- Chemsha maji, yaache yapoe, kisha futa tongotongo kwa pamba safi. Tumia kipande kipya kwa kila jicho.
- Mtenge mgonjwa, na chombo chake cha chakula kiwe mbali na cha wenzake.
- Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo akifumba jicho kwa maumivu, jicho likifanya ukungu, au mboni zikitofautiana ukubwa.
- Kinda asiyefumbua macho bado, na kope zake zimevimba, huenda ana usaha ndani. Usizifungue kwa nguvu. Mwache daktari afanye hivyo.

Je, binadamu huambukizwa?

Virusi vya mafua ya paka haviambukizi watu. Mlipuko wa 2024 ulienea kutoka mtu hadi mtu. Klamidia ya paka huweza kumpata binadamu, ingawa ni nadra, hivyo nawa mikono kwa sabuni kila umgusapo paka mgonjwa.

Paka mwenye maumivu huuma. Akikuuma au kukuparuza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya mara moja, kwani paka pia huweza kueneza kichaa cha mbwa.

Kinga

Chanjo ya mafua ya paka huanza kinda akiwa na wiki sita hadi nane, na hurudiwa kama daktari atakavyoelekeza. Haizuii maambukizi yote, lakini hupunguza makali. Paka aliyepona hepesi hubaki na virusi maisha yake yote, na macho huweza kuwasha moto tena akihamishwa au akidhoofika.

Chini ya Katiba ya 2010, huduma za mifugo na ustawi wa wanyama ni majukumu ya kaunti. Wakazi wanahimizwa kuwaona maafisa wa mifugo, au daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kabla ya kununua dawa yoyote dukani.